Mkristo Anapokwenda kwa Watibeti: Sheria, Adabu na Mazungumzo

Watibeti walio rahisi kufikiwa wako Boudha, jijini Kathmandu, na Dharamsala, India, anakoishi Dalai Lama, kiongozi wao mkuu wa dini, aliyekimbia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1959. Lhasa kwenyewe mgeni haingii bila kibali maalumu kinachoombwa kupitia wakala wa utalii, na kuhubiri ni marufuku. Huko usibebe picha ya Dalai Lama wala usimhoji mtu habari zake: wewe utapanda ndege, mwenyeji ataitwa polisi.

Sheria isome kabla ya kukata tiketi. Nchini Nepal, kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika Agosti 2018 inatoa kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi rupia 50,000 kwa anayembadilisha mtu dini, na mgeni akimaliza kifungo hufukuzwa ndani ya siku 7. Jimbo la Himachal Pradesh, ilipo Dharamsala, nalo lina sheria yake ya 2019 dhidi ya kubadilisha watu dini kwa nguvu, hila au vishawishi. Basi usigawe vijitabu barabarani, na msaada wa ada ya shule au dawa usiuambatanishe kamwe na ibada. Waulize Wakristo wa palepale mipaka iko wapi. Wao ndio watakaobaki.

Kwenye stupa, yaani mnara mtakatifu wa Kibuddha, zunguka kwa kuiacha mkono wako wa kulia, yaani kinyume cha tawafu ya Kaaba. (Wafuasi wa Bon, dini nyingine ya Watibeti, huzunguka upande mwingine, kwa hiyo usimsahihishe mtu.) Vua kofia, usimguse mtu kichwani, hata mtoto, na ukikaa usielekeze nyayo kwa lama (mwalimu wa dini) au sanamu. Khata, kitambaa cheupe cha heshima, mpe lama kwa mikono miwili ukiwa umeinama. Usimvishe, kwa kawaida yeye ndiye atakayekurudishia shingoni.

Nyumbani utapewa chai ya siagi na chumvi. Kunywa kidogokidogo, maana kila ukipunguza kikombe kitajazwa. Kama umetosheka, kiache kikiwa kimejaa, ukimalize unapoaga.

Mazungumzo mazuri huanzia mlangoni mwa monasteri. Mara nyingi pale huchorwa gurudumu la maisha, limeshikwa na Yama, bwana wa mauti. Katikati wamo nguruwe, nyoka na jogoo: ujinga, chuki na tamaa. Mwombe mwenyeji akueleze sehemu sita za kuzaliwa upya, kisha nyamaza usikilize. Hapo utaona kwa nini mahubiri mengi hukwama. Ukisema “lazima uzaliwe mara ya pili”, umemtajia mzunguko uleule anaotaka kuutoka. Miungu nao wamo gurudumuni na hufa, kwa hiyo ukisema “Yesu ni Mungu” bila kueleza muumba ni nani, umemwongezea mmoja tu kwenye orodha. Damu ya mwanakondoo nayo inamtisha: nyama anakula, lakini kuchinja ni dhambi inayomfuata mchinjaji. Anza na mambo anayoyajua tayari, kama huruma, mateso na kifo, ndipo usimulie maisha ya Yesu kwa mpangilio, polepole.

Usitarajie mavuno ya haraka. Wamoravian, ambao Watanzania wanawajua tangu Rungwe mwaka 1891, walikuwa wameshafungua kituo Keylang, kwenye milima ya Himalaya nchini India, mwaka 1856, na Leh, mji wa Ladakh, mwaka 1885. Walitunga kamusi, wakafungua shule na zahanati, na Biblia nzima ya Kitibeti ilitoka Lahore mwaka 1948. Kanisa la Ladakh limebaki dogo hadi leo.

Mtu akikubali upesi kuomba pamoja nawe, usimhesabu kuwa ameokoka. Huenda ni adabu tu kwa mgeni, au anatafuta baraka ya ziada, na kesho picha ya Yesu itakaa madhabahuni nyuma ya vibakuli saba vya maji, kando ya Buddha. Mwombe akusimulie kwa maneno yake alichoelewa. Akisita, rudini kwenye habari yenyewe, na jambo la ubatizo waachie wazee wa kanisa la pale.