Namna ya Kulisoma Jumba la Enzi ya Elizabeth I Lililokarabatiwa

Anayezuru jumba la kabaila wa Kiingereza lililojengwa enzi ya Malkia Elizabeth I, kati ya 1558 na 1603, huvutwa kwanza na sura ya nje, ilhali katika jengo lililokarabatiwa sura hiyo ndiyo inayopotosha zaidi. Little Moreton Hall, jumba la mbao lililoko Cheshire, Uingereza, ambalo sehemu zake kadhaa ni za enzi hiyo, lafaa kuwa mfano.

Usianze na rangi. Boriti nyeusi juu ya kuta nyeupe, zinazodhaniwa kuwa alama ya zama hizo, kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni usiopakwa kitu hugeuka kijivu kadiri miaka inavyopita. Chunguza maungio. Ndimi za mbao zilichomekwa katika matundu na kukazwa kwa vigingi, kisha nafasi kati ya nguzo zikafumwa fito na kukandikwa udongo, kazi ambayo fundi wa kiambaza wa Pwani angeitambua mara moja. Mbao yenye kingo kali, iliyonyooka mno na isiyo na tundu la kigingi, yaelekea kuwa ni kiraka cha baadaye.

Kisha tazama madirisha. Vioo vya wakati huo vilikuwa vipande vidogo vilivyoshikwa kwa vijiti vya madini ya risasi, kwa kuwa kioo kipana kilikuwa adimu na ghali. Dirisha la kupandisha na kushusha lilienea baada ya enzi hiyo kupita. Hapa usiharakishe, kwani juu ya madirisha ya uani pamechongwa mwaka 1559, jina la William Moreton mwenye nyumba na, jambo ninalolithamini kuliko mapambo yote ya jumba hilo, jina la seremala mwenyewe, Richard Dale.

Ukipanda hadi ukumbi mrefu wa juu, ambamo wenyeji walitembea siku za mvua, angalia jinsi sakafu na kuta zilivyopinda: ukumbi huo na paa lake la mabamba ya mawe ni mzigo uliozielemea mbao za chini. Warekebishaji waliimarisha jengo kwa vyuma bila kuunyoosha mpindo huo, nao walifanya vyema, maana mpindo ni sehemu ya historia ya jengo. Kuta za ndani nazo zikaguliwe kwa tahadhari, kwani mwaka 1976 michoro ya ukutani iligunduliwa nyuma ya mbao zilizobandikwa karne ya 18.

Kwa jumba la mawe, uliza pia kama mawe yenyewe ni ya hapo. Montacute, huko Somerset, lilikamilika mnamo 1601, lakini sehemu ya uso wake wa magharibi ilihamishwa kutoka Clifton Maybank, jumba kongwe zaidi huko Dorset, mwaka 1786; hivyo mawe hayo yalichongwa kabla ya jumba kujengwa, na yakafika hapo karibu karne mbili baada ya kukamilika kwake.