Namna ya Kupima Madai ya Mitishamba kwa Sonona na Maradhi ya Ubongo

Kabla ya kuamini kwamba mmea fulani unatibu sonona au maradhi ya ubongo, uliza kwanza kama kiambato chake kimejaribiwa kwa binadamu, kwa maana mengi yanayosifiwa yameishia kwenye panya na maabara. Ginkgo, kwa mfano, mti ambao majani yake husifiwa kwa kumbukumbu, ilijaribiwa kwa wazee zaidi ya 3,000 nchini Marekani, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha kwamba haikuzuia dimensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Galantamini, yenye asili ya mimea, imefaulu mtihani huo: ni dawa rasmi ya kupunguza dalili za Alzheimer (aina mojawapo ya dimensia), ingawa haiponyi.

Haiperikamu, mmea uitwao kwa Kiingereza St. John's wort, yataka uangalifu zaidi. Imeleta nafuu kwa baadhi ya wenye sonona isiyo kali, lakini huchochea ini kuvunja haraka dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Ikichanganywa na dawa za sonona, serotonini, kemikali ya mwilini inayobeba ujumbe kwenye ubongo, yaweza kupanda hadi kuleta homa, mtetemeko na kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo andika kila unachotumia, hata chai ya majani (ambayo wengi hawaihesabu), umwonyeshe daktari au mfamasia, wala usiache ghafla dawa ulizoandikiwa. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali mara moja.