Dhoruba itapita upande gani wa nyumba yako? Namna ninavyofuatilia dhoruba za majira ya baridi kutoka Glasgow

Nilitoka Tanga nikizijua pepo mbili, kaskazi na kusi. Zote zina msimu wake, na nahodha wa jahazi hupanga safari kwa kuzifuata. Huku Uskoti upepo hauna adabu hiyo. Kuanzia Oktoba hadi Machi dhoruba hutoka Atlantiki zikifuatana, nyingine za kutikisa madirisha tu, nyingine za kuezua mapaa. Sina cheti chochote cha hali ya hewa, ni mpenzi tu wa kazi hii, lakini katika kundi letu la WhatsApp mimi ndiye ninayeulizwa: "Kaka, hii ya Ijumaa ni kweli au maneno?" Naandika hapa namna ninavyotafuta jibu.

Kabla ya yote, usiifikirie dhoruba hii kama kimbunga cha aina ya Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Kimbunga hula joto la bahari. Dhoruba ya baridi hula tofauti ya joto kati ya hewa ya kaskazini na hewa ya kusini, na hubebwa na mkondo wa upepo wa juu unaokimbia kilomita kama 10 juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana ukitaka kujua kitakachoifika Glasgow Ijumaa, Jumatatu unaangalia Marekani.

Hatua ya 1: Pata barometa na uisawazishe

Barometa ya bei nafuu inatosha, na simu nyingi zina kihisio cha mgandamizo wa hewa ndani yake. Kosa la kila anayeanza, na mimi nililifanya msimu mzima, ni kusahau kwamba mgandamizo hupungua kadiri unavyopanda juu, takriban hPa 1 (hektopaskali, kipimo cha mgandamizo) kwa kila mita 8. Nyumba iliyo mita 60 juu ya usawa wa bahari itasoma pungufu ya hPa 7 hivi kuliko ramani. Nilikuwa naona dhoruba kila siku. Chagua siku tulivu, soma kipimo cha kituo rasmi kilicho karibu nawe, kisha rekebisha chako kifanane nacho. Pata na daftari. Simu itaisha chaji siku ile ile unayoihitaji.

Hatua ya 2: Zizoee saa za modeli

Modeli za kompyuta, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ya siku zijazo, hupigwa upya saa 00, 06, 12 na 18 (kwa mfumo wa saa 24) kwa saa ya dunia, UTC, ambayo majira ya baridi ndiyo saa ya Uingereza yenyewe. Mnaofuatilia mkiwa Dar es Salaam au Mombasa ongezeni saa tatu. Mimi hutazama mbili kuu: GFS ya Wamarekani, ambayo huanza kutoka baada ya muda wa saa tatu na nusu hivi, na ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ambayo huchelewa zaidi lakini ndiyo ninayoiamini zaidi. ICON ya Wajerumani naiweka kama shahidi wa tatu.

Hatua ya 3: Siku kumi hadi sita kabla, tazama na unyamaze

Hapa ndipo wengi huumbuka. Mwaka mmoja niliona kwenye GFS, siku nane kabla, mzunguko mweusi wa kutisha umekaa juu ya Uskoti. Nikawatangazia watu kundini. Shangazi mmoja akaahirisha safari ya kwenda kumwona mjukuu wake Inverness. Siku ilipofika dhoruba ilikuwa karibu na Iceland, huku kwetu jua limetoka, na kwa miezi miwili jina langu lilikuwa "mganga wa upepo".

Siku hizo za mbali, ramani moja haina maana. Tazama kundi zima la tabiri: ECMWF huendesha modeli yake mara 50 na zaidi kwa mpigo mmoja, kila mara ikibadilisha kidogo hali ya mwanzo. Kama tabiri tatu kati ya hizo zina dhoruba, andika daftarini ulale. Kama thelathini zinayo, anza kufuatilia kila mpigo. Angalia pia mkondo wa juu. Januari 2025, theluji ilipoanguka hadi New Orleans, kusini mwa Marekani, hewa baridi sana ilikutana na hewa ya joto na mkondo wa Atlantiki ukaongezeka nguvu. Siku tatu baadaye, tarehe 24, tulikuwa na dhoruba ya Éowyn.

Hatua ya 4: Siku tano hadi mbili, chora njia

Hii ndiyo hatua yenyewe. Watu huuliza "ina nguvu kiasi gani?" wakati swali lenye faida ni "kitovu kitapita kaskazini yangu au kusini yangu?"

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, hewa huzunguka kitovu cha dhoruba kinyume na mshale wa saa. Dhoruba ikiwa inakwenda mashariki, upande wake wa kusini upepo unavuma kuelekea huko huko inakokwenda, kwa hiyo kasi mbili zinajumlishwa. Upande wa kaskazini zinapunguzana. Ukiwa kusini ya kitovu unapoteza vigae. Ukiwa kaskazini yake huenda ukapata mvua au theluji tu. Éowyn ilipita kaskazini-magharibi mwa Ireland, ikaiacha Ireland yote na ukanda wa kati wa Uskoti upande mbaya. Mace Head, kaunti ya Galway, ulipimwa mvumo wa kilomita 183 kwa saa, ukaivunja rekodi ya Ireland ya 182 iliyokaa tangu 1945.

Kwa hiyo chukua karatasi ya ramani, na kila mpigo wa modeli weka nukta mahali kitovu kitakapokuwa kila baada ya saa sita. Tumia rangi tofauti kwa kila modeli. Baada ya siku mbili utaona kama mistari inakaribiana au inatawanyika. Ikitawanyika kwa kilomita 200, huna jibu bado, na waambie watu hivyo. Hata "sijui" ni utabiri, ilimradi useme utajua lini.

Hatua ya 5: Saa 48 za mwisho

Pima jinsi kitovu kinavyozama, yaani jinsi mgandamizo wake unavyoshuka. Kigezo cha zamani ni hPa 24 kwa saa 24, na kwenye latitudo zetu hata pungufu kidogo ya hapo tayari ni mzamo wa kasi ya mlipuko. Éowyn ilizama karibu hPa 50.

Kisha fungua picha za setilaiti. Wingu likijikunja kama ndoana huku ulimi wa hewa kavu, mweusi, ukiingia katikati yake, dhoruba imekomaa. Kwenye ncha ya ndoana hiyo wakati mwingine hushuka upepo mwembamba mkali kuliko wote, ambao Keith Browning aliupa jina la mwiba, kama wa mkia wa nge, alipoichambua upya dhoruba ya Oktoba 1987. Hudumu saa chache tu, na mtu wa nyumbani hawezi kuuonea mapema.

Sasa soma tahadhari za idara za hali ya hewa, Met Office ya Uingereza au Met Éireann ya Ireland: njano, kaharabu (kwa Ireland ni chungwa), nyekundu. Rangi haipimi kasi ya upepo peke yake. Inajumlisha madhara na uwezekano wake. Dhoruba ya Arwen, Novemba 2021, iling'oa miti mingi mno kwa sababu upepo ulitoka kaskazini, na miti ya huku imejizoesha kuegemea mizizi yake dhidi ya upepo wa magharibi. Ukiona nyekundu, kazi yako ya utabiri imekwisha: sambaza tahadhari rasmi kama ilivyo, usiongeze chumvi. Funga mapipa ya taka, laza trampolini ya watoto na uifunge, chaji simu. Umeme ukikatika, Uskoti, England na Wales namba ni 105.

Hatua ya 6: Siku yenyewe, ukiwa ndani

Andika mgandamizo kila nusu saa. Mabaharia wa huku wana lugha yao: ukishuka zaidi ya hPa 3.5 kwa saa tatu, unashuka haraka. Ukizidi hPa 6, unashuka kwa kasi sana. Hapo hakuna tena haja ya modeli.

Fuata na mwelekeo wa upepo. Ukiupa upepo mgongo, kitovu kiko mkono wako wa kushoto. (Kusini ya ikweta ni kulia, na karibu na ikweta yenyewe kanuni haifanyi kazi, kwa hiyo msiijaribu Tanga.) Upepo ukihama kutoka kusini kwenda kusini-magharibi hadi magharibi, kitovu kinapita kaskazini yako, uko upande mbaya. Ukihama kutoka kusini-mashariki kwenda mashariki hadi kaskazini, kinapita kusini yako.

Halafu utafika wakati mshale wa barometa utasimama, ugeuke, uanze kupanda. Majirani wataona kimya kidogo na kuamini yamekwisha. Mara nyingi mivumo mikali kuliko yote huja hapo hapo, mgandamizo unapopanda kwa haraka nyuma ya kitovu. Andika saa na kipimo cha chini kabisa, halafu waandikie watu kundini neno moja: "Bado." Siku ya Éowyn niliandika hivyo, na sijaweka simu chini nikaona uzio wa jirani ukivuka barabara wote mzima, na nguzo zake.