Umeshafika Uhuru, sasa Magoroto hainogi: namna ya kurudisha hamu ya vilima vya nyumbani

Mtu aliyetoka kusimama Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, karudi Tanga na cheti chake, Jumapili ukimwalika Magoroto, kilima chenye ziwa karibu na Muheza, jibu lake huwa moja: "Kile kilima?" Muheza iko kwenye mita 200 hivi, ziwa la Magoroto mia saba na kitu. Ukitoa hesabu unabaki na mita mia tano na ushei, na kwa aliyevuka mawingu huo ni mzaha. Viatu vinakaa uvunguni mwezi, miwili, na ukiuliza mwaka unaofuata vimeshagawiwa.

Kinachoharibika hapo ni kipimo. Urefu wa kilele ni kipimo kibaya sana cha siku ya mlimani, na ukishakibadilisha mambo mengine hujirekebisha. Lakini kabla ya hapo kuna jambo la mwili.

Usiamue lolote kabla ya wiki mbili

Siku ya kilele kwa njia ya Marangu, mtu hupanda usiku kutoka kambi ya Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, hadi Uhuru, halafu siku hiyohiyo hushuka mpaka kambi ya Horombo, 3,700. Huko ni kushuka karibu mita 2,200 kwa mkupuo, na misuli ya mapaja huumizwa na kushuka kuliko kupanda, kwa sababu hufanya kazi ya breki huku ikivutwa. Maumivu hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa. Uchovu wa ndani hukaa zaidi. Ukijitosa kilimani siku nne baada ya kurudi, utakichukia, na utadhani tatizo ni kilima.

Pima hivi: kabla hujatoka kitandani asubuhi, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakiwa bado yamezidi ya kawaida yako kwa kama kumi, endelea kupumzika. Kipimo cha pili ni ngazi: shuka ghorofa mbili bila kushika ukuta. Goti likilalamika, bado. Kucha ya dole gumba iliyokuwa nyeusi usiing'oe. Itasukumwa na mpya. Ila jua imetoka wapi: kiatu kilikuwa kifupi, au kamba hukuikaza kwenye kifundo wakati wa kushuka, mguu ukawa unagonga mbele. Vilima vya Usambara vina mteremko mkali, vitakugonga kucha hiyohiyo.

Kuna na mtego mwingine. Mwili uliozoea hewa nyembamba hurudi ulivyokuwa ndani ya wiki chache. Mtu hutamba mwezi wa kwanza, haendi popote, mwezi wa tatu anakwenda na kundi anaishiwa pumzi njiani mbele ya watu aliowasimulia. Huyo harudi tena. Baada ya zile wiki mbili, basi, tembea hata saa moja, mara mbili kwa wiki.

Hesabu mita ulizopanda

Kituo kwa kituo, Marangu huenda hivi: geti liko karibu na mita 1,900, Mandara 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Yaani kila siku ya kawaida ulipanda mita 800 hadi 1,000, si zaidi. Sasa tazama ramani ya kwetu. Mombo na Mazinde ziko chini ya mita 500. Lushoto iko kama 1,400. Ukianza uwandani pale Mazinde ukapanda kwa njia za miguu za wenyeji hadi juu Irente, ukingo wa mlima karibu na Lushoto, asubuhi moja umepanda sawa na Mandara kwenda Horombo, tena kwenye joto na bila mtu wa kukubebea mzigo. Hewa ni nzito, hilo kweli, mapafu hayatateseka. Miguu haitaona tofauti.

Basi weka daftari. Kila safari andika mita ulizopanda, saa ulizotumia, uzito wa begi. Ukitaka shabaha, jiwekee mita 5,895 za kupanda kwa miezi mitatu. Magoroto kwa miguu kutoka Muheza ukiihesabu mita 500, ni safari 12. Kwa njia ya Mazinde hadi Irente, ukiihesabu 900, ni 7. Watu wa aina fulani hufufuka kwa hesabu hii. Wengine huiona kama deni la duka, na kama wewe ni mmoja wao, liache daftari mapema.

Simu itakudanganya kidogo. Kimo kinachopimwa kwa setilaiti huyumba kuliko mahali ulipo kwenye ramani, na chini ya miti mikubwa huyumba zaidi, kwa hiyo programu nyingine hujumlisha yale mayumbo na kukuambia umepanda mita 1,300 kumbe 900. Njia salama ni ya zamani: toa kimo cha chini kwenye kimo cha juu, kisha ongeza yale mabonde uliyoshuka na kupanda tena. Simu yenye kipima mgandamizo wa hewa ni sahihi zaidi, lakini irekebishe siku hiyohiyo mahali unapojua kimo chake. Watu wa Tanga tuna bahati, ufukweni ni sifuri. Ramani ipakue ukiwa mjini, maana bondeni mtandao hukatika.

Muda ukadirie kwa kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yako ni kilomita 8 na kupanda mita 900. Nane gawa kwa tano ni saa 1 na dakika 36. Mia tisa gawa kwa mia sita ni saa 1 na nusu. Jumla saa 3 na dakika 6. Kanuni hiyo ni ya Uskoti kwenye baridi. Kwa jua la Mazinde ongeza nusu yake, uhesabu kama saa 4 na dakika 40.

Na bodaboda, tafadhali. Pale Muheza watakuzonga, na watakufikisha ziwani hujatoa jasho. Ukipanda kwa bodaboda ukapiga picha ukashuka kwa bodaboda, usiseme kilima kilikuwa chepesi.

Begi lako, mgongo wako

Kilimanjaro mpagazi alibeba mpaka kilo 20 zako na za kundi, akakupita njiani, ukafika mzigo umeshatangulia na maji ya moto yako tayari. Sehemu kubwa ya safari ile ilikuwa kichwani kwa mtu mwingine. Wengi wanaosema vilima vya nyumbani havina changamoto hawajawahi kubeba chakula chao wenyewe kwa siku mbili.

Anza na kilo 6, ongeza kilo 2 kila safari, usizidi robo ya uzito wako. Maji ndiyo mzigo bora wa mazoezi: dumu la lita 5 ni kilo 5, na ukifika juu unaweza kuyamwaga. Magoti huumia kushuka na mzigo, si kupanda nao, kwa hiyo panda mzito ushuke mwepesi. Usiyamwage hovyo; kuna miche ya mtu hapo, au bibi anayeshuka kisimani na ndoo tupu. Kosa la kawaida ni kuning'iniza dumu kwa kamba begani: linapiga nyonga kila hatua, na mwendo wa saa moja unakuachia jeraha. Liweke ndani ya begi, juu, karibu na mgongo, khanga kuukuu ikilishikilia lisicheze.

Aliye mjini bila kilima, maana Tanga yenyewe ni kama meza, atumie ngazi. Jengo ambalo ngazi zake zinapanda mita 12 kutoka chini hadi juu, ukilipanda mara 25 umepata mita 300. Omba ruhusa ya mlinzi, nenda saa 12 asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa. Inachosha akili, sikufichi. Mara moja kwa wiki inatosha.

Vaa kwa ajili ya huku

Yule wa Kilimanjaro hujulikana kwa mavazi. Buti zito la ngozi, suruali ya tabaka mbili, na maji lita moja kwa sababu kule baridi ilimfanya asione kiu. Saa 4 asubuhi kichwa kinamgonga.

Kutoka uwandani chukua lita 3 kwa mtu, unywe nusu lita kila saa hata kabla ya kiu, na uchukue kitu chenye chumvi: mihogo ya kuchemsha yenye chumvi, karanga, mayai. Maji matupu mengi bila chumvi kwenye jasho jingi huleta kichefuchefu na kulegea. Anza saa 11 alfajiri, ili jua likikaza uwe umeshaingia penye miti. Viatu: raba zenye meno ya wastani zinatosha kiangazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu hujaza soli ukatembea kama una vigae miguuni. Meno yaliyoachana hujisafisha, yaliyobanana hayajisafishi. Fimbo moja ya kukata huko huko husaidia kuliko buti la bei.

Mikono mirefu ni kwa ajili ya upupu. Maganda yake yakikauka, vinyweleo hupeperuka kwa kuguswa tu na huingia shingoni. Ukiwashwa usikune wala usisugue, utavizamisha. Vua shati, likung'ute upande upepo unakokwenda, kisha bandika utepe wa gundi kwenye ngozi na kuubandua mara kadhaa. Utepe huo uzungushe kwenye chupa ya maji kabla ya safari, ukae tayari.

Angalia ambacho Kilimanjaro haina

Juu ya mita 4,000 Kilimanjaro ni mawe na vumbi, na mwendo wa pole pole ulikuwa wa kumtazama visigino aliye mbele. Usambara ni kinyume, ndiyo maana kupita Amani kwa mwendo wa kukimbilia kilele ni hasara. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa 1997, ina viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Chagua kimoja kwa safari.

Mfano, lile ua la zambarau la Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na leo liko madirishani nusu ya dunia. Usilitafute njiani kwenye jua. Tafuta mwamba wenye kivuli karibu na kijito, uiname. Majani ni manene, ya mviringo, yana manyoya laini yanayoshika matone. Ua lenyewe ni dogo kuliko ulivyotarajia, zambarau, na katikati vidoti vya njano. Liache lilipo.

Vinyonga watafutwe usiku. Mulika tochi kwenye ncha za matawi membamba: kinyonga aliyelala hupauka, huonekana kama jani jeupe lisilotikisika. Mchana utapita chini yake mara kumi. Hondohondo wewe humtafuti, utasikia mabawa yake yakivuma juu ya miti kabla hujamwona. Mbega wana subira ndogo. Ukisimama kimya dakika kumi hurudi walipokuwa. Kuingia hifadhini kuna kiingilio na mwongozaji. Chukua kitambulisho ulipe kiwango cha Mtanzania, na uwe na salio kwenye simu kabla hujapoteza mtandao.



Lala huko

Tanga waja leo waondoka leo, na ndivyo wengi tunavyoitendea milima yake. Safari ya kwenda na kurudi siku moja hukuacha na saa mbili tu za kutembea, zile za jua kali. Lala Lushoto, nunua plamu na peasi sokoni zikiwa msimu wake, kesho yake uwe njiani alfajiri. Irente inatazama magharibi, kwa hiyo ni ya jioni. Wanaopanda kule kusubiri jua lichomoze hupata mgongo wa mlima.

Baadaye nenda Mtae, mwisho kabisa wa kaskazini. Panga usiku miwili, kwa sababu mabasi ya kurudi hutoka mapema mno, na ukilala usiku mmoja utakuwa ndani ya basi wakati uliotaka kuwa nje. Asubuhi ya pili toka saa 12 kasoro, na koti, upepo wa pale ni mkali. Chini kuna mbuga ya Mkomazi, ng'ambo milima ya Upare, na hali ya hewa ikiwa safi Kilimanjaro huonekana nyuma yake, ndogo kama kifuniko cha sufuria. Usichelewe kwa chai. Ikifika saa 3 mawingu yameshaifunika.