Kulea watoto na kufanya kazi ukiwa umebeba kiwewe cha utotoni

Kwetu Kibosho tulijua kwa mlio wa geti kama baba amekunywa. Likisukumwa taratibu, tunalala. Likipigwa teke, mama anatuficha stoo nyuma ya magunia ya kahawa. Iliendelea hivyo tangu nina miaka minne mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni. Leo nina miaka 38 na watoto watatu, nashona sare za shule hapa Moshi mjini, na geti la jirani likigonga, mwili wangu unaruka kabla sijajua ni nini.

Mnasihi aliniambia hali hii inaitwa kiwewe changamani: inatokana na maumivu ya kujirudia, hasa yale usiyoweza kuyakimbia. Shirika la Afya Duniani limeitambua kama hali inayojitegemea katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mbali na kumbukumbu zinazokurudia, kukwepa, na kuwa na tahadhari muda wote kana kwamba hatari iko karibu, mtu hushindwa kuzuia hisia zake, hujiona hafai, na hupata shida kuwa karibu na watu. Nililia pale pale. Miaka yote nilidhani nina roho mbaya.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila unapolipuka au kuganda: saa ngapi, nini kilitangulia, mwili ulifanya nini. Mimi niliandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Nikaona harufu ya mbege, yaani pombe ya ndizi, sufuria zinazogongana, na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ya jioni nyingi ilikuwa njaa, maana mchana nilikuwa sili. Sasa saa tisa nakula ndizi na chai, kazi iwe nyingi kiasi gani. Kinachoweza kuondolewa, kiondoe: geti letu tuliliwekea kipande cha mpira lisigonge.

Kazini ikikupata, simamisha mikono kwanza. Mimi natoa mguu kwenye pedali, naweka nyayo zote chini, nashika mkasi wa chuma uliopoa. Vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6. Kutoa pumzi polepole hutuliza moyo. Kisha taja unavyoviona: tepu, chaki, kitambaa cha bluu. Mimi huongeza, “Niko Moshi, ni mtu mzima, ufunguo wa mlango huu ninao mimi.” Kama umeajiriwa, si lazima bosi ajue historia yako. Omba unachohitaji tu, mfano kukaa mahali unapouona mlango.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Siku moja mwanangu wa mwisho alimwaga bakuli la mtori. Nilinyanyua mkono, naye akajifunika kichwa kwa mikono miwili, viwiko mbele. Hivyo hivyo nilivyokuwa nikijifunika mimi. Sikumpiga, lakini nilikuwa nimeshampigia kelele mpaka anatetemeka.

Ukifika hapo, toka. Sema, “Mama anakwenda nje kupoa, anarudi,” kisha nawa uso bombani. Rudi kweli, na siku hiyo hiyo. Nilipiga magoti nikamwambia, “Nimekupigia kelele. Hukukosea, chakula humwagika. Kutuliza hasira yangu ni kazi yangu.” Usiongeze “lakini na wewe”. Usimsimulie ya babu yake, wala usimwombe akubembeleze, ni mtoto.

Na mwenzi wako chagueni neno moja mkiwa mmetulia. Letu ni “maji”. Nikilisema, Baba Neema anachukua watoto bila kuuliza chochote.

Desemba inahitaji mpango wake, kwa sababu sisi Wachaga wengi tunapanda mlimani, nyumbani kwa wazazi. Mimi napanda Krismasi asubuhi na kushuka jioni. Shangazi husema, “Mwanangu, baba yako kazeeka, yaishe.” Namjibu, “Shangazi, sukari yake nimeleta na dawa nimeleta. Kulala, hapana.” Sibishani zaidi ya hapo.

Maombi nayathamini sana, naimba kwaya, lakini hayachukui nafasi ya matibabu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Kwa hapa Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC. Ukihisi unaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri miadi: mwache mtoto kwa mtu unayemwamini, uende leo. Nenda na daftari lako. Ukiulizwa unasumbuliwa na nini, maneno hukimbia. Mimi nilimsogezea daktari ule ukurasa, akausoma kimya, kisha akaniuliza, “Hili geti, bado lipo?”