Kiduha Hung'olewa Kabla ya Ua la Kwanza

Kila msimu wakulima wa mahindi na mtama wa Kanda ya Ziwa huniita kwa ajili ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, wakati uleule: mahindi yamekwisha kutoa mbelewele, palizi ya pili imesahaulika, na shamba zima limejaa maua ya zambarau. Kwa wenzao wa Dodoma na Singida maua ni mekundu na mmea ni mfupi zaidi, lakini hasara haitofautiani. Hapo ndipo familia nzima huingia shambani kung'oa, kisha mafungu ya viduha hutupwa mpakani, hupewa ng'ombe au hulundikwa kwenye samadi. Ni kazi ngumu, na mwisho wake mkulima anakuwa amejipandia kiduha cha miaka ijayo.

Mche mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 50,000 hadi 200,000, laini kama ugoro, na mbegu hizo hukaa ardhini zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10. Haziamki mpaka zipate kemikali inayotolewa na mizizi ya mimea fulani, hasa nafaka na nyasi za jamii hiyo, ndiyo maana kulipumzisha shamba huku likiota majani ya kila namna hakuondoi tatizo. Tumbo la ng'ombe haliziui zote, kwa hiyo samadi huzirudisha shambani, na mche uliong'olewa ukiwa na maua unaweza kuendelea kukomaza mbegu ukiwa umelala pale mpakani ulipotupwa.

Basi tuhesabu wiki. Viduha vya kwanza huchomoza kati ya wiki ya 4 na ya 7 baada ya kupanda, na kabla ya hapo vimekwisha kunyonya mizizi chini kwa chini. Ukiona mahindi yamedumaa na kunyauka ilhali udongo una unyevu, usikimbilie kulaumu mvua. Tangu kuchomoza hadi kuchanua ni kama wiki 3 hadi 4. Kwa kuwa havichomozi vyote siku moja, shamba lipitiwe kila baada ya wiki 2, na si mara moja ukajiona umemaliza. Ng'oa kwa mkono kiduha kikiwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15, ukikishika shinani kabisa baada ya mvua, kwa sababu kikikatika huchipua upya. Jembe halifai hapa, maana hukata shina na kujeruhi mizizi ya mahindi. Niseme wazi kwamba kung'oa hakurudishi mavuno mengi ya mwaka huu, kwani unachozuia ni mbegu.

Kama umechelewa na maua yamefunguka, usiburute miche shambani. Iweke papo hapo kwenye mfuko usio na tundu, kisha ichome moto siku hiyohiyo. Anayesema atachoma Jumamosi akumbuke kwamba upepo wa kwao unaweza kuzisambaza mbegu kabla ya hapo.

Kosa la pili hutokea baada ya kuvuna, ambapo watu hulipa shamba kisogo. Mashina ya mtama hubaki mabichi kwa wiki kadhaa, na kiduha huendelea kunyonya, kuchanua na kumwaga mbegu bila kusumbuliwa na mtu. Yang'oe mashina hayo mara tu mavuno yanapotoka.

Samadi safi iliyooza vizuri, kilimo cha mzunguko wa kunde, karanga au ufuta, na desmodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) katikati ya mistari ya mahindi kwa mtindo wa sukuma-vuta, yaani mmea mmoja hufukuza wadudu shambani na mwingine huwavuta pembeni, husaidia sana, na kwa mtama zipo mbegu za Hakika na Wahi zinazostahimili. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachozishinda mbegu mpya unazoongeza kila mwaka. Ukishika ratiba hii, misimu michache ijayo utaona machipukizi yanapungua.

Mtama wa mbegu usipurwe chini kwenye ardhi ya shamba lenye kiduha. Tandika turubai, pepeta vizuri, na usinunue mbegu mnadani usikojua shamba ilikotoka. Jembe lililotumika kwenye shamba lenye kiduha lisuguliwe udongo wote kabla ya kuazimwa kwa jirani.