Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mtumba: soma lebo kabla ya kulipa

Kompyuta ikianza kukwama kwa kurasa chache tu za intaneti, usikimbilie dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Memory ndani ya Task Manager, kisha endelea na kazi zako za kila siku. Ikikaa juu ya asilimia 85 muda mwingi, RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu hukaa zinapotumika, imeelemewa. Ikiwa 50 huku diski inasoma 100, pesa yako iende kwenye SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Hapohapo kwenye Memory utaona sloti (nafasi za kuchomekea RAM) ziko ngapi na ngapi zimejaa.

Sasa lebo, maana hapa ndipo watu huliwa hela. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012: RAM yake huandikwa PC3-12800U. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, vizazi viwili tofauti vya RAM, na haziingiliani. Pengo la upande wa pini limekaa mahali tofauti, ukilazimisha utavunja sloti. 12800 ni kasi, ileile inayoitwa 1600. Herufi ya mwisho ndiyo inayoponza wengi: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ile fupi ya laptopu, R ni ya seva. Za R huuzwa kwa bei ya kutupa, zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, halafu kompyuta haileti picha. Kwa laptopu za DDR3 zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, tafuta PC3L ya volti 1.35, ya volti 1.5 inaweza isiwake.

Kuchanganya GB 4 na GB 8 hakuna ubaya, ila zote zitafuata kasi ya ile yenye mwendo mdogo.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke. Laptopu itolewe betri kwanza. Fungua klipu, linganisha pengo, kandamiza ncha zote mbili mpaka klipu zijifunge zenyewe kwa mlio. Ya laptopu huingia kwa mshazari wa kama nyuzi 30, ndipo unailaza.

Ikipiga milio bila picha, mara nyingi haijazama. Itoe, futa pini taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, irudishe. Dell ikisema kiasi cha memori kimebadilika, bonyeza F1, ndivyo inavyotakiwa. Umeweka GB 8 na Windows inatumia tatu na kitu? Hiyo ni Windows ya biti 32; weka ya 64.

Kabla dhamana ya duka haijaisha, andika mdsched (kipimo cha RAM cha Windows yenyewe) kwenye sehemu ya kutafutia na uiache ipime. Ikionyesha hitilafu hata moja, toa RAM ya zamani, pima mpya peke yake, ujue ya kurudisha ni ipi.